Magneto mbili kwenye injini moja: zinavyofanya kazi na jinsi ya kuzikagua kabla hujaruka

Kila anayejifunza kurusha ndege ndogo ya injini ya pistoni anafundishwa mapema kabisa kupeleka ufunguo wa magneto (vidude vinavyozalisha spaki ya kuwasha mafuta) kwenye R, yaani ya kulia peke yake, arudishe BOTH, yaani zote mbili, aende L, ya kushoto peke yake, arudishe BOTH, aangalie mshale wa mizunguko ya injini kwa dakika umeshuka kiasi gani, basi, twende. Wengi wanaishia hapo. Namba ya kwenye cheklisti wanayo kichwani lakini ukiwauliza kwa nini mizunguko imeshuka, au kwa nini isiposhuka kabisa ni jambo baya zaidi kuliko ikishuka kidogo, wanabaki wanakuangalia tu. Mimi naamini kabisa rubani anatakiwa aielewe hii sehemu mpaka ndani, hata kama hatashika spana maisha yake yote, sababu hapa injini inakujibu yenyewe ukiwa bado chini, na majibu yake yanamfaa anayejua kuyasoma. Kwa hiyo naanza na umeme wenyewe, alafu tutafika kwenye ukaguzi.

Mbili maana yake nini hasa

Ukifungua kava la injini ya Cessna 172 nyingi au Piper PA-28 nyingi utakuta silinda nne zimelala, mbili kila upande, na kila silinda ina plagi mbili, moja imeingia kwa juu nyingine kwa chini. Jumla plagi 8. Nyuma ya injini kuna vidude viwili vimefungwa kwa nati, kila kimoja kinatoa waya nne nene zinazokwenda kwenye plagi, hizo ndo magneto. Moja ya kushoto moja ya kulia, na kila moja inalisha plagi moja tu katika kila silinda.

Hapo watu wanachanganya sana, wanadhani magneto ya kushoto inahudumia silinda za kushoto. Hapana. Ingekuwa hivo basi magneto moja ikifa ungebaki na nusu ya injini. Kila magneto inafika kwenye silinda zote, na kwenye injini nyingi waya zimepishanishwa, mfano magneto hii inapiga plagi za juu upande mmoja na za chini upande wa pili, ile nyingine inachukua zilizobaki. Sababu yake ni kwamba plagi za chini ndo zinachafuka haraka, oili na uchafu vinashuka huko vyenyewe, sasa ukizigawa namna hiyo hakuna magneto moja inayobebeshwa plagi mbovu zote.

Kwa nini tuwe na mbili? Ya kwanza kila mtu anaijua, moja ikifa nyingine inaendelea. Sheria za Marekani za kuidhinisha injini za ndege, Part 33 kifungu cha 33.37, zinataka injini ya spaki iwe na angalau plagi mbili kwa kila silinda na sakiti mbili tofauti zenye vyanzo tofauti vya umeme, au mfumo mwingine wa kuaminika kiasi hicho hicho hewani. Zingatia maneno vyanzo tofauti. Plagi mbili zinazolishwa na chanzo kimoja hazijakusaidia kitu siku hicho chanzo kikifa.

Ya pili watu wanaisahau, na ndo inayoelezea kila kitu utakachokiona kwenye geji. Silinda za hizi injini ni pana. Injini ya Lycoming O-360 ina silinda ya upana wa karibu milimita 130, sasa mchanganyiko wa mafuta na hewa hauwaki wote kwa mara moja, moto unaanzia kwenye plagi unatembea mpaka ukuta wa pili. Ukiwasha pembeni mwa shamba kavu upande mmoja tu, moto una safari ndefu kufika ng'ambo, ukiwasha pande mbili unakutana katikati na kazi inaisha mapema. Ndani ya silinda ni hivo hivo. Plagi mbili zikipiga pamoja mgandamizo unafika kileleni wakati mzuri, pistoni ikiwa ndo kwanza imeanza kushuka. Ikipiga moja, moto unachelewa, mgandamizo unakuja pistoni imeshaanza kukimbia, nguvu inapungua, na gesi inakuwa bado inawaka wakati valvu ya eksozi inafunguka, kwa hiyo joto la eksozi linapanda. Yaani ukizima magneto moja utaona mambo mawili kwa pamoja, mizunguko inashuka na EGT (kipimo cha joto la eksozi) inapanda. Hiyo ni injini nzima kiafya.

Magneto yenyewe inavyozalisha spaki

Magneto haiombi umeme kwa mtu. Hili ndo jambo ambalo ukilishika vizuri mengine yote yanakuja yenyewe. Ndani yake kuna sumaku inayozungushwa na gia za injini. Sumaku ikizunguka, usumaku unapita kwenye kiini cha chuma ukielekea upande mmoja, alafu unageuka unaelekea upande wa pili, unageuka tena, hivo hivo. Kwenye kile kiini kumesokotwa waya mbili: ya kwanza nene yenye mizunguko michache, ya pili nyembamba kama unywele yenye maelfu ya mizunguko. Umeme unazaliwa kwenye ile nene, unapita kwenye pointi, vyuma viwili vidogo vya kugusana, zikiwa zimefungana. Mkondo ukifika kwenye nguvu yake kamu (chuma chenye nundu kinachozunguka) inazifungua zile pointi, mkondo unakatika ghafla, usumaku unaporomoka kwa mpigo mmoja, na kule kuporomoka ndo kunasukuma kwenye waya nyembamba volti za kufika hata 20,000 hivi. Hizo zinaingia distribyuta, distribyuta inazipeleka kwenye silinda ambayo zamu yake imefika, zinaruka mwanya wa plagi. Kondensa kazi yake ni kupokea ule umeme unaotaka kuruka kwenye pointi zenyewe, bila yenyewe pointi zinaungua na spaki inakuwa dhaifu.

Kwenye injini ya silinda nne sumaku kwa kawaida inazunguka sawa na krankshafti (shafti kuu ya injini), kwenye ya silinda sita inazunguka mara moja na nusu. Sio lazima ukariri, ila inakuonyesha kwamba hakuna kinachoelea pale, vyote vimefungwa na gia, na ndo maana taimingi, yaani wakati wa kupiga spaki, ikiwekwa inakaa. Lycoming nyingi spaki inapigwa nyuzi 25 za mzunguko wa krankshafti kabla pistoni haijafika juu kabisa, baadhi ni nyuzi 20, imeandikwa kwenye kibati cha injini.

Sasa faida yake. Betri ikifa, alteneta ikikatika, ukizima masta swichi (swichi kuu ya umeme wa ndege) kwa sababu umesikia harufu ya waya kuungua, injini haina habari. Inaendelea kunguruma sababu spaki yake haitoki huko. Gari lako likikosa umeme linasimama, ndege ya magneto inaendelea mpaka ukate mafuta au uzizime magneto zenyewe.

Swichi inayofanya kazi kinyume

Hapa ndipo penye hatari na nataka usome taratibu. Kwenye taa ya nyumbani ukizima unakata sakiti. Kwenye magneto ni kinyume chake, ukizima unafunga sakiti. Kutoka kwenye kila magneto kuna waya mmoja mwembamba unaokuja mpaka kwenye swichi ya ufunguo, mafundi wanauita pi-lidi. Ukiweka OFF, swichi inaunganisha ule waya na bodi ya ndege, umeme wa ile waya nene unakimbilia bodi, pointi zikifunguka hakuna cha kukatika, hakuna spaki. Ukiweka BOTH, swichi inaachia waya zote mbili na magneto zinakuwa huru kupiga.

Sasa jiulize, ule waya ukikatika njiani itakuwaje? Swichi iko OFF, ufunguo uko mfukoni kwako, lakini magneto haijui kwamba imezimwa. Iko hai. Mtu akisukuma propela kuitoa njiani, kama kwenye silinda kuna mabaki ya mafuta, injini inaweza kupiga na propela ikamkata mkono au kichwa. Ndo maana kanuni ni moja tu haina mjadala: propela yoyote ichukulie iko hai, hata kama ufunguo umeushika mwenyewe.

Na kuna kitu kinachoongeza hiyo hatari, kinaitwa impalsi kaplingi. Wakati wa kuwasha, stata inazungusha injini taratibu sana, sumaku haipati mwendo wa kutoa spaki ya maana, alafu pia spaki ikija nyuzi 25 mapema kwa mwendo huo injini inaweza kupiga teke kurudi nyuma. Kwa hiyo kwenye magneto, mara nyingi ile ya kushoto, wakati mwingine zote mbili, kunawekwa kaplingi yenye springi. Inaishika sumaku isizunguke huku springi ikijikaza, pistoni ikikaribia juu kabisa inaiachia, sumaku inaruka kwa kasi, spaki nene inatoka na inatoka kwa kuchelewa, sawasawa na inavyotakiwa. Fundi akizungusha propela kwa mkono polepole unaisikia kabisa nyuma kule, tak, kimya, tak. Hiyo ni springi inaachia. Injini ikishawaka na kushika mwendo wa mia kadhaa kwa dakika, vile vyuma vya kaplingi vinafunguka kwa nguvu ya mzunguko na magneto inarudi kwenye taimingi yake ya kawaida.

Umeona tatizo lakini? Kile kidude kimetengenezwa makusudi kitoe spaki nzuri hata propela ikienda kwa mwendo wa mkono. Pi-lidi iliyokatika pamoja na impalsi kaplingi nzima ndo mchanganyiko unaoumiza watu kwenye maegesho.

Kama magneto ya kulia haina impalsi, ufunguo ukifika START swichi yenyewe inaizima ya kulia kwa muda ili isipige mapema. Kwa hiyo ndege inayogoma kuwaka lakini ikishawaka inakwenda vizuri tu, mtuhumiwa mmoja wa kumwangalia ni impalsi ya kushoto.

Ranapu, hatua kwa hatua

Ranapu ni ule mda unasimama kabla ya kuingia barabara ya kurukia unapandisha injini kuipima. Elekeza pua kwenye upepo ili injini ipoe, hakikisha chini hakuna kokoto maana propela itazivuta zile, nyuma yako pasiwe na mtu, breki shika, oili iwe imeshapata joto.

Pandisha mizunguko mpaka ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha ndege yako. Cessna 172N ni 1700, isishuke zaidi ya 125 kwa magneto yoyote na tofauti kati ya mbili isizidi 50. Cessna 172S ni 1800, kushuka kusizidi 150, tofauti 50. PA-28 nyingi ni 2000, kushuka 175, tofauti 50. Ndege zenye injini ya Rotax 912 zinapimwa kwenye 4000 na zinaruhusiwa kushuka mpaka 300, usishtuke, Rotax inazunguka haraka na ina giaboksi mbele. Kwa hiyo namba ya ndege uliyojifunzia usiihamishie kwenye ndege nyingine.

Sasa ufunguo. Ukianzia kushoto mpangilio ni OFF, R, L, BOTH, START. Ukitoka BOTH, mlio mmoja wa kurudi nyuma ni L, miwili ni R, mitatu umezima. Ndo maana vitabu vingi vinakuambia uanze na R, milio miwili, urudi BOTH, alafu L mlio mmoja, urudi BOTH. Hesabu kwa vidole, usiangalie ufunguo, macho yawe kwenye mshale na masikio kwenye injini. Ukifika R kaa hapo sekunde kadhaa mpaka mshale utulie, watu wengi wanagusa tu na kurudi kama wamegusa pasi ya moto, kwa mda huo hata plagi iliyokufa haijapata nafasi ya kujionyesha. Soma namba. Rudi BOTH na usubiri mizunguko irudi yote, zile plagi zilizokuwa zimezimwa zipate kujisafisha, ndo uende L. Ukitoka R ukaenda L moja kwa moja huna tena cha kulinganisha nacho.

Ikitokea umepitiliza ukafika OFF injini ikaanza kunyamaza, usirudishe ufunguo. Najua mkono unataka kurudisha haraka. Mafuta yasiyowaka yameshapita kwenye silinda yameingia kwenye bomba la eksozi lenye moto, ukirudisha spaki kwa mizunguko ile yatalipuka na yanaweza kupasua mafla. Vuta throto (mkono wa nguvu ya injini) mpaka mwisho, vuta na mikscha (mkono wa kiasi cha mafuta), acha injini isimame, alafu washa upya kwa utaratibu.

Kusoma majibu

Imeshuka kidogo, 50, 70, 100, inanguruma laini, pande zote karibu sawa: hapo huna shida, twende.

Imeshuka sana na inatetemeka, ndege nzima unaihisi kwenye kiti: kuna plagi haipigi. Kwenye injini ya silinda nne ukiwa kwenye magneto moja na plagi yake moja imekufa, una silinda moja haifanyi kazi kabisa, ndo maana mtetemo unakuja kwa ghafla na ni wa nguvu. Mara nyingi ni plagi imejaa uchafu, wakati mwingine ni waya wa plagi.

Imeshuka sana lakini inanguruma laini tu, haitetemeki: hapo plagi zote zinapiga, tatizo liko kwingine. Labda mikscha imejaa mafuta kupita kiasi, hii inatokea sana kwenye viwanja vya mwinuko mkubwa ambako hewa ni nyepesi na rubani amekuja na mikscha imesukumwa mpaka mwisho. Punguza mafuta kidogo ujaribu tena. Ikibaki vile vile shuku taimingi, spaki inachelewa, peleka kwa fundi.

Haijashuka kabisa. Hapa ndipo wanafunzi wanapofurahi wakisema injini ni nzima sana. Hapana kabisa. Ukizima magneto moja lazima nguvu ipungue kwa ile sababu ya moto niliyoeleza juu, isipopungua maana yake hujaizima. Pi-lidi imekatika au swichi imekufa, na una magneto hai ambayo huwezi kuizima. Uwezekano mwingine ni taimingi iliyowekwa mapema kuliko inavyotakiwa, na hiyo nayo inachemsha silinda na kuiumiza injini. Yote mawili ni ya fundi, sio ya kuruka nayo.

Injini imezima ulipoweka L: magneto ya kushoto imekufa, ulikuwa unatembea na ya kulia peke yake tangu ulipowasha.

Alafu kuna ile ya tofauti. R imeshuka 40, L imeshuka 110, zote ziko ndani ya kiwango lakini kati yao kuna 70. Watu wanaipita hii, wanasema si haijavuka 125. Kitabu kimeweka viwango viwili kwa sababu. Tofauti kubwa inasema magneto mbili hazifanani tena, moja taimingi imeanza kuhama au plagi zake zimekwisha, na hiyo ni taarifa unayopewa mapema kabla haijawa tatizo.

Kama ndege ina geji ya EGT ya kila silinda una bahati kubwa, mshale wa mizunguko unakuambia kuna shida, EGT inakuambia ni wapi. Ukiwa kwenye magneto moja silinda zote zinatakiwa zipande joto. Ile ambayo badala ya kupanda imeporomoka, plagi yake ya magneto hiyo haipigi. Huna EGT? Fundi anaiacha injini izunguke mda mfupi kwenye magneto mbovu, anazima, anapima mabomba ya eksozi karibu na kila silinda kwa kipima joto cha mbali. Bomba lililo baridi ndo lenyewe.

Plagi ikichafuka

Mafuta ya ndege ya 100LL yana madini ya risasi, mpaka gramu 0.56 kwa lita, yanazuia injini isigonge. Ndani yake kuna kemikali inayotakiwa kuiondoa risasi itoke na moshi, lakini inahitaji plagi iwe na joto la kutosha, zaidi ya nyuzi 400 za Selsiasi. Sasa wewe unatembea chini dakika 15 kwa mizunguko 800, mikscha yote mbele, plagi haifiki joto hilo hata siku moja. Ukiichomoa plagi ya chini ya ndege inayotumiwa hivo utaona ndani, kati ya elektrodi na ukuta, vitone vya kijivu vigumu kama mchanga mnene vimekaa. Hiyo ni risasi, na umeme unapita juu yake kwenda bodi badala ya kuruka mwanya. Masizi meusi makavu ni mafuta mengi, hayo yanaungua yenyewe ukiongeza joto. Oili nyeusi ya kung'aa ni ringi au valvu gaidi, hiyo huisafishi kwa throto.

Ukikuta plagi imechafuka kwenye ranapu, rudi BOTH, weka mizunguko 1800 mpaka 2000, vuta mikscha taratibu mpaka injini ianze kubadilika sauti, ikaribie kuyumba, kaa hapo nusu dakika hadi dakika moja huku unatazama joto la injini, alafu rudisha mikscha ujaribu tena magneto ile ile. Mara nyingi inapona. Ukijaribu mara ya pili bado, rudi maegesho. Usiendelee kuchoma choma injini pale chini haipati upepo wa kuipoza, na usijidanganye kwamba itajisafisha ikifika juu.

Dawa ya kweli ni kutofika huko. Ukishawasha tu na injini imetulia punguza mafuta, punguza kwa nguvu kiasi kwamba ukisahau ukasukuma throto kuruka injini ikatae. Ukipunguza kidogo kidogo ndo hatari, unaweza kusahau na ukaruka nayo hivo hivo.

Ikitokea hewani

Magneto moja ikifa kimya kimya huenda usijue, nguvu imepungua kidogo, EGT imepanda, basi. Unatafuta uwanja wa karibu unatua.

Mbaya ni ile ya kutetemeka ghafla. Ndani ya magneto distribyuta ina gia ya plastiki, ikikatika meno magneto haifi, inaendelea kutoa spaki lakini kwa silinda isiyo zamu yake au wakati usio wake, inawasha moto pistoni ikiwa bado inapanda. Hapo BOTH ndo mahali pabaya zaidi pa kukaa, sababu magneto nzima inafanya kazi yake na mbovu inaivuruga. Punguza throto kidogo, jaribu L, jaribu R. Moja ikinguruma laini, kaa kwenye hiyo, usirudi BOTH kwa sababu tu umezoea kuona ufunguo ukiwa pale, nenda kwenye uwanja wa karibu. Nimekuta marubani wengi ambao hawajawahi hata kuambiwa kwamba hili linawezekana, wanajua BOTH ni salama siku zote, na hilo linanisikitisha maana jibu liko mkononi mwao, mlio mmoja au miwili ya ufunguo.

Kabla ya kuzima

Injini ikiwa kwenye mizunguko ya chini kabisa, throto nyuma, peleka ufunguo OFF kwa kitambo kidogo sana urudishe BOTH. Inatakiwa ionyeshe kuzimika. Ikiendelea kunguruma kama hakuna kilichotokea, kuna magneto hai, zima kwa mikscha, weka alama kwenye propela, mwambie kila mtu na fundi aitwe kabla ya ndege kuguswa. Fanya kwenye mizunguko ya chini tu, sio kwenye 1800, kwa ile ile sababu ya mafla.

Alafu zima kwa kuvuta mikscha na sio kwa ufunguo, ili injini imalize mafuta yaliyomo ndani ya silinda. Silinda isiyo na mafuta haina cha kuwaka hata magneto ikiwa hai. Propela ikishasimama ndo unaweka OFF, unachomoa ufunguo.

Upande wa mafundi nitapita haraka. Magneto za Slick na Bendix zinatakiwa kufunguliwa na kukaguliwa kila masaa 500, na wenye ndege wengi wanalipuuza hilo sababu mizunguko bado inashuka vizuri, wakati gia na pointi za ndani zinakwisha bila kuonyesha chochote kwenye mshale. Plagi zikisafishwa zizungushwe, ya chini iende juu na ya silinda hii iende inayofuata kwenye mpangilio wa kupiga, zinalika sawa. Plagi ikidondoka chini kwenye saruji itupwe, kauri ya ndani inapata ufa usioonekana kwa macho.

Sio kila mbili ni mbili

Kuna injini, kama Lycoming O-320-H2AD ya kwenye Cessna 172N, zenye magneto mbili ndani ya bodi moja, zinazungushwa na shafti moja. Ile D ya mwisho kwenye jina ndo inakuambia. Kwenye ukaguzi zinasoma kama mbili, lakini ile gia inayozizungusha ikikatika, au bodi ikilegea kwenye injini, zinaondoka zote. Ukirusha ndege ya namna hiyo, kwenye ukaguzi wa nje mulika tochi pale ilipofungwa uhakikishe haijasogea.

Na saivi wengi wanatoa magneto moja wanaweka ignisheni ya kielektroniki, wanabakiza magneto ya upande wa pili. Ni hatua nzuri, injini inawaka kirahisi na spaki ni kali, tena nyingine zinabadilisha taimingi zenyewe kulingana na kazi ya injini. Ila ranapu yake haisomeki kama ya zamani: ukibaki kwenye ya elektroniki mizunguko inashuka kidogo sana, ukibaki kwenye magneto inashuka zaidi, na ile tofauti ya 50 haikuambii tena ulichozoea. Tafuta nyongeza ya kitabu iliyokuja na kifaa usome namba zake. Alafu uliza inakula umeme wapi, sababu nyingi zinategemea umeme wa ndege na nyingine zimeungwa moja kwa moja kwenye betri, kwa hiyo masta ikizimwa bado ziko hai, na betri ikiisha kabisa ni ile magneto moja iliyobaki inayokufikisha uwanjani.